Upepo wa Jua una majira yake: jibu kwa mwalimu wa Lamu

Swali: Assalamu aleikum. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Lamu. Kitabu tunachokitumia kinasema upepo wa Jua huvuma kwa kasi ya kilomita 400 kwa sekunde, lakini makala moja niliyoisoma inasema ni kilomita 750 juu ya ncha za Jua. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa nahodha, akauliza: kasi ipi ndiyo sahihi, nani aliyekwenda huko juu akapima, na je, upepo huo una majira kama kaskazi na kusi yetu? Sikuwa na la kumjibu.

Jibu: Waaleikumu salamu, Mwalimu. Mfikishie mwanafunzi wako salamu zangu kutoka Malindi, na umwambie kwamba swali lake ndilo ambalo wanafizikia wa Jua walikaa nalo kwa zaidi ya miaka 30 bila ya kuwa na njia ya kulijibu kwa vipimo vya mahali penyewe. Jibu la mkato ni kwamba takwimu zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mahali pake na kwa wakati wake. Kwamba aliyekwenda kupima juu ya ncha za Jua ni chombo kimoja tu, kiitwacho Ulysses. Na kwamba upepo wa Jua kweli una majira, ingawa mzunguko wake ni wa miaka 11 hivi na hauwezi kuonekana vizuri na mtu aliyesimama tulipo sisi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu vitabu vingi vya shule huipita bila kuigusa.

Upepo wa Jua ni gesi iliyopashwa moto mno hata atomu zake zikavunjika kuwa protoni, elektroni na kiasi kidogo cha heliamu na elementi nyingine, na hutoka katika korona, yaani tabaka la nje la Jua lenye joto linalozidi digrii milioni moja. Ludwig Biermann wa Ujerumani aliuhisi kwanza mwaka 1951 kwa kutazama jinsi mikia ya nyotamkia inavyosukumwa upande ulio kinyume na Jua. Mwaka 1958 Eugene Parker, wa Chuo Kikuu cha Chicago, akaonyesha kwa hesabu kwamba korona yenye joto kiasi hicho haiwezi kutulia bali ni lazima itoke na kupanuka kwa kasi kubwa. Na mwaka 1962 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kikaupima mfululizo kwa miezi kadhaa na kuondoa shaka. Ile kilomita 400 ya kitabu chenu inatokana na vipimo vya aina hiyo, ambavyo vimerudiwa mara nyingi mno tangu wakati huo. Si kosa. Ila vipimo hivyo karibu vyote vilichukuliwa katika ukanda mwembamba mmoja, na kitabu hakisemi hivyo.

Sababu yake ni mahali Dunia ilipo. Dunia hulizunguka Jua katika bapa moja, na sayari nyingine nazo hukaa karibu na bapa hilohilo. Bapa hilo limeinama kwa nyuzi 7 na robo tu kutoka kwenye ikweta ya Jua. Maana yake ni kwamba katika mwaka mzima sisi hupanda hadi nyuzi 7 kaskazini ya ikweta ya Jua mwanzoni mwa Septemba, kisha tukashuka hadi nyuzi 7 kusini mwanzoni mwa Machi, na hatuendi mbali zaidi ya hapo. Kila chombo kinachorushwa kutoka Duniani kwa njia ya kawaida huurithi mwendo wa Dunia na kubaki katika bapa lake. Mwaka 1976 chombo cha Pioneer 11, kilichokuwa kati ya Mshtarii na Zuhali, kilifika nyuzi 16, na hapo kikaona jambo la kushangaza: uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa Jua, ambao karibu na ikweta ulikuwa ukibadili mwelekeo mara kwa mara, sasa ulishika mwelekeo mmoja. Hiyo ilikuwa ishara kwamba hali ya juu si kama ya chini. Ishara nyingine ilitoka kwa wanaastronomia wa redio, waliokuwa wakitazama jinsi mawimbi ya redio ya vyanzo vya mbali yanavyometameta yakipita ndani ya upepo wa Jua. Wao walikadiria kwamba upepo wa latitudo za juu una kasi zaidi. Lakini kukadiria kwa mbali ni jambo moja, na kupima protoni yenyewe inapoingia katika kifaa ni jambo jingine.

Wanafunzi hupenda kuuliza kwa nini chombo kisirushwe tu moja kwa moja kwenda juu ya ncha ya Jua. Hapa, Mwalimu, unaweza kuwapa hesabu nzuri ya vekta. Dunia huenda kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde kulizunguka Jua. Ili chombo kipite juu ya ncha kikiwa katika umbali huuhuu wa Dunia, ni lazima mwendo huo wa pembeni ufutwe wote, kisha kipewe mwendo mwingine wa kilomita 30 kwa sekunde kwenda juu. Pande mbili hizo za pembe mraba zinatoa badiliko la takriban kilomita 42 kwa sekunde. Hakuna roketi iliyowahi kuundwa ambayo ingeweza kulifanya hilo peke yake. Sisi wa pwani hii tunaijua faida ya kurushia vyombo karibu na ikweta, maana ndiyo sababu Waitalia waliweka jukwaa lao la San Marco baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na kutoka hapo setilaiti ya Uhuru ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970. Lakini msukumo ambao mzunguko wa Dunia unaupa chombo kikirushwa ikweta ni chini ya nusu kilomita kwa sekunde. Mbele ya kilomita 42, hiyo ni kidogo mno.

Njia iliyopatikana ni kwenda kwanza mbali na Jua ili kulifikia baadaye. Chombo kinachopita karibu na sayari kubwa huvutwa na sayari hiyo, na ikiwa kimelengwa vizuri, mvuto huo hukigeuza njia bila ya kutumia mafuta. Sayari pekee yenye nguvu ya kutosha kukigeuza chombo hadi juu ya ncha za Jua ni Mshtarii. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa vyombo viwili, kimoja cha Ulaya na kimoja cha Marekani, vipite Mshtarii kwa pande tofauti ili kimoja kiwe juu ya ncha ya kaskazini wakati mwenzake yuko kusini. Mwaka 1981 Marekani ikakifuta chombo chake kwa ajili ya bajeti. Bado ninasikitika ninapolifikiria jambo hilo, kwa sababu tungekuwa na vipimo vya ncha mbili kwa wakati mmoja, kitu ambacho hatujakipata hadi leo. Kilichobaki kilikuwa cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, huku NASA ikichangia urushaji, mawasiliano na sehemu ya vifaa. Nacho kilicheleweshwa na ajali ya Challenger, chombo cha wanaanga cha Marekani, ya Januari 1986, kikaondoka hatimaye tarehe 6 Oktoba 1990 kikiwa shehena ndani ya Discovery, chombo cha aina hiyohiyo.

Ulysses kilikuwa chombo kidogo, chenye uzito wa kilo 370 hivi. Hakikuwa na paneli za Jua, kwa sababu katika umbali wa Mshtarii mwanga wa Jua ni sehemu moja tu kati ya 27 ya ule unaotufikia. Umeme wake ulitokana na joto la plutoniamu inayooza. Hakikuwa na kamera hata moja. Hilo huwashangaza watu, lakini kazi yake haikuwa kutazama Jua, bali kupima kinachopita mahali chombo chenyewe kilipo: kasi ya protoni, wingi wake, joto lake, uga wa sumaku, ayoni nzito (yaani atomu zilizopoteza elektroni), vumbi, mawimbi ya redio na mionzi ya kosmiki. Tarehe 8 Februari 1992 kilipita karibu na Mshtarii, kama kilomita 450,000 kutoka katika kitovu chake, kikaingia kwa upande wa kaskazini na kutoka kimetupwa kusini, sasa kikiwa katika mzingo uliosimama karibu wima, wenye mwinamo wa nyuzi 80 kutoka kwenye ikweta ya Jua. Mzingo huo ulichukua zaidi kidogo ya miaka 6 kukamilika: upande mmoja ulifika umbali wa Mshtarii, na upande wa pili ulikaribia Jua hadi mara 1.34 ya umbali wetu sisi. Kwa hiyo chombo kilijikokota polepole kikiwa mbali, kisha kikapita kwa kasi kutoka ncha hadi ncha kikiwa karibu.

Sehemu ya safari ninayoipenda zaidi si ile ya nchani, bali ile ya kuelekea huko. Kuanzia katikati ya mwaka 1992, Ulysses kikiwa bado katika latitudo za chini za kusini, grafu ya kasi ilianza kupanda na kushuka kwa utaratibu: siku kadhaa za upepo wa kasi inayozidi kilomita 700 kwa sekunde, kisha siku kadhaa za upepo wa polepole wa kilomita 400 hivi, kisha tena upepo wa kasi, na kila mzunguko ukichukua takriban siku 26. Siku 26 ni muda ambao Jua huutumia kujizungusha mara moja. Kumbe eneo moja la Jua linalotoa upepo wa kasi lilikuwa likigeuka na kukielekea chombo, kisha likigeuka kwenda zake, na baada ya siku 26 likirudi. Mwezi baada ya mwezi, kadiri chombo kilivyozidi kushuka kusini, mabonde yale ya upepo wa polepole yaliendelea kuwa membamba. Karibu na nyuzi 35 za kusini, mwaka 1993, yakatoweka. Kuanzia hapo mstari wa grafu ulinyooka katika kilomita 750 kwa sekunde hivi, ukatikisika kidogo tu, na haukushuka tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Grafu hiyo, Mwalimu, inafaa kuchorwa ubaoni hata kwa mkono, maana mwanafunzi akiiangalia ataona mwenyewe mpaka ulipo kati ya pepo mbili.

Tarehe 13 Septemba 1994 Ulysses kikafika nyuzi 80 za kusini, na kutoka hapo kikapanda kukata latitudo zote hadi nyuzi 80 za kaskazini, kilikofika mwishoni mwa Julai 1995. Ndani ya miezi kumi na kitu kikawa kimepita upepo wa kasi, kikaingia upepo wa polepole na wenye kubadilikabadilika katika ukanda wa nyuzi 20 hivi kila upande wa ikweta, kisha kikatoka na kuingia tena katika upepo wa kasi. Ukanda huo ndimo Dunia yetu inamoishi. Kwa maneno mengine, kile ambacho kwa miaka 30 tulikuwa tukikiita upepo wa Jua kwa jumla kilikuwa ni upepo wa ukanda wa ikweta tu, na sehemu kubwa zaidi ya anga inayolizunguka Jua, wakati Jua limetulia, yaani lina madoa machache, imejaa upepo mwingine. Kwa hesabu ya njia, upepo wa kilomita 400 hutumia siku 4 na zaidi kidogo kuukata umbali wa kilomita milioni 150 kutoka Jua hadi kwetu, na ule wa kilomita 750 hutumia siku 2 na saa chache. Upepo wa kasi ni mwepesi pia: ukikadiriwa katika umbali wa Dunia, una protoni kama 3 tu katika sentimita moja ya ujazo, ilhali ule wa polepole huwa na 8 hivi na mara nyingine zaidi.

Tofauti yao haiishii katika kasi. Kulikuwa na kifaa ndani ya Ulysses kilichohesabu ayoni za oksijeni kwa idadi ya elektroni zilizokwisha kung'olewa. Oksijeni iliyopoteza elektroni 7 inahitaji korona yenye joto zaidi kuliko iliyopoteza 6, na baada ya gesi kuondoka umbali mfupi kutoka kwenye Jua inakuwa nyembamba mno hata elektroni haziwezi tena kurudi kwenye ayoni. Hesabu hubaki vilevile hadi inapofika kwenye kifaa, mamilioni ya kilomita mbali. Uwiano wa ayoni hizo mbili kwa hiyo hutoa joto la mahali gesi ilipotoka. Matokeo yalikuwa kinyume na ambavyo mtu angedhani: upepo wenye kasi zaidi ulitoka mahali penye joto dogo zaidi, digrii milioni moja na kidogo, na upepo wa polepole ulitoka mahali penye joto la milioni moja na nusu au kuzidi. Elementi kama magnesiamu, ambazo ni rahisi kung'olewa elektroni, zilikuwa nyingi kupita kiasi katika upepo wa polepole, lakini katika upepo wa kasi zilikaribia kiwango chake cha kwenye uso wa Jua. Kwa hiyo hatuna upepo mmoja unaoongeza na kupunguza mwendo. Tuna pepo mbili zenye asili mbili, na hilo kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo Ulysses kilituletea.

Asili ya ule wa kasi ni mashimo ya korona. Picha za eksirei zilizochukuliwa na wanaanga wa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973 zilionyesha sehemu za giza juu ya korona, ambako gesi ni kidogo na baridi zaidi kwa sababu mistari ya sumaku imefunguka kuelekea nje badala ya kujikunja na kurudi kwenye uso. Jua likiwa limetulia, mashimo makubwa mawili huzifunika ncha zake. Palipo na mistari iliyojikunja, hasa kuzunguka ikweta, gesi hunaswa na kupashwa joto zaidi, na upepo wa polepole hutoroka kwa njia ambazo wanasayansi wangali wakizibishania.

Ncha zenyewe zilituletea mambo mawili yasiyotarajiwa, yote ya sumaku. La kwanza, wengi walitarajia kwamba uga wa sumaku juu ya ncha ungekuwa na nguvu zaidi kuliko juu ya ikweta, kama ulivyo kwenye sumaku ya kawaida ya maabara. Ulysses kilikuta kwamba sehemu ya uga inayoelekea nje, ikirekebishwa kwa umbali, ni ileile katika kila latitudo. Karibu na Jua uga wa nchani kweli una nguvu zaidi, lakini shinikizo lake huisukuma mistari ya sumaku kuelekea kwenye ikweta hadi shinikizo lilingane kila upande, na kazi hiyo humalizika kabla upepo haujafika mbali. Tangu ugunduzi huo, chombo kimoja kilichoko karibu na Dunia kinatosha kukadiria jumla ya uga ambao Jua zima limeufungua. La pili ni la mionzi ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazotoka nje ya himaya ya Jua. Kwa kuwa karibu na ikweta mistari ya sumaku imepindwa na mzunguko wa Jua, na nchani inakaribia kunyooka, ilidhaniwa kwamba chembe hizo zingepata juu ya ncha njia nyeupe ya kuingilia. Ziliongezeka kidogo tu. Upepo wa nchani ulikutwa umejaa mawimbi makubwa ya sumaku, yale yanayoitwa mawimbi ya Alfvén, na hayo huzizuia.

Sasa nifike kwenye kaskazi na kusi. Mtoto wa nahodha anajua kwamba pepo zetu hugeuza mwelekeo: miezi ya Desemba hadi Machi hutoka kaskazini mashariki, na kuanzia Aprili hutoka kusini. Upepo wa Jua haufanyi hivyo. Siku zote hutoka kwenye Jua kwenda nje. Kinachobadilika ni ugawaji wa pepo zile mbili juu ya latitudo, na kinachoubadilisha ni mzunguko wa sumaku ya Jua. Hilo tulilijua kwa sababu Ulysses hakikufa baada ya duara la kwanza. Kilirudi ncha ya kusini mwishoni mwa mwaka 2000, wakati madoa ya Jua yalipokuwa katika kilele chake, na hakikuukuta ule upepo wa kasi uliotulia. Mashimo ya nchani yalikuwa yametoweka, na chombo kilipita katika mchanganyiko wa upepo wa polepole, wa kati na wa kasi, pamoja na mawingu ya gesi yaliyorushwa na milipuko, katika kila latitudo bila mpaka unaoeleweka. Mtu ambaye angepewa data hiyo bila ya kuambiwa latitudo asingeweza kujua kama chombo kiko nchani au kwenye ikweta.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 2001, kikiwa upande wa kaskazini, kikaingia tena katika upepo wa kasi. Shimo jipya la korona lilikuwa limeanza kujengeka huko. Na uga wa sumaku ndani ya upepo huo ulikuwa umegeuka: mwaka 1995 juu ya kaskazini ulielekea nje, sasa ulielekea ndani. Ncha za Jua hubadilishana sumaku kila kilele cha mzunguko, kwa hiyo kasi hurudia hali yake baada ya miaka 11 hivi, lakini mwelekeo wa sumaku huhitaji 22. Kama mwanafunzi wako anatafuta kitu katika upepo wa Jua kinachogeuka kweli kama kusi na kaskazi, basi ni huo mwelekeo wa sumaku.

Duara la tatu lilipita ncha ya kusini mapema mwaka 2007 na ya kaskazini mapema mwaka 2008, Jua likiwa limetulia tena. Umbo lilikuwa lilelile la mwaka 1994, lakini nguvu haikuwa ileile. Kasi ilipungua kwa kiasi kidogo sana, karibu asilimia 3 tu. Ila upepo ulikuwa mwembamba zaidi na baridi zaidi, shinikizo lake lilikuwa limeshuka kwa takriban asilimia 20, na uga wa sumaku kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa sababu upungufu huo ulionekana katika latitudo zote, haukuweza kuelezwa kuwa ni jambo la mahali pamoja. Miaka hiyohiyo mionzi ya kosmiki inayoifikia Dunia ilipanda hadi kiwango cha juu kuliko kilichowahi kupimwa tangu enzi ya vyombo vya angani ianze, na sababu inaeleweka: ngao imepungua nguvu. Kwa hiyo majira ya upepo wa Jua hayafanani mwaka kwa mwaka, na utulivu mmoja si kipimo cha utulivu unaofuata.

Kufikia hapo plutoniamu ilikuwa imepungua nguvu, na mafuta ya hidrazini yalikuwa hatarini kuganda kwenye mabomba kwa baridi. Wahandisi walikiweka hai kwa kuyapitisha mafuta kidogo kidogo kila baada ya saa chache ili yasigande, na kazi iliyotarajiwa kwisha katikati ya 2008 ikaendelea mwaka mmoja zaidi. Mawasiliano yalikatwa tarehe 30 Juni 2009. Tangu siku hiyo hakuna chombo kilichopima upepo juu ya ncha za Jua. Parker Solar Probe, chombo cha NASA kilichoondoka mwaka 2018 na kulifikia Jua kwa kilomita milioni 6.1 tarehe 24 Desemba 2024, kinafanya kazi kubwa mno, lakini kinafanya kazi hiyo karibu na bapa la sayari. Solar Orbiter cha Ulaya, kilichorushwa Februari 2020, kinautumia mvuto wa Zuhura kujiinua hatua kwa hatua. Februari 2025 kilifika mwinamo wa nyuzi 17, na mwezi uliofuata kikapiga picha za ncha ya kusini kutoka pembe ambayo hakuna kamera iliyowahi kuwepo. Picha hizo zilionyesha sumaku za pande zote mbili zikiwa zimechanganyika nchani, jambo linaloafiki kilele cha mzunguko. Mpango ni kufika nyuzi 24 na hatimaye 33 kabla ya muongo huu kwisha. Nyuzi 33, kama ulivyoona katika ile grafu ya 1993, ni karibu na ule mpaka wenyewe wa pepo mbili, si ndani kabisa ya nchi ya upepo wa kasi. Ninakienzi Solar Orbiter kwa sababu kina kamera na vipimo kwa pamoja, ambavyo Ulysses hakikuwa navyo, lakini hakitachukua nafasi yake, na mimi ni miongoni mwa wale wanaoona kwamba chombo kingine cha nyuzi 80 kimechelewa mno.

Limebaki jambo moja ambalo darasa lako linaweza kulifanya bila gharama. Upepo wa kasi wa nchani wakati mwingine hutufikia hata sisi, kwa sababu shimo la korona huweza kurefuka kutoka nchani hadi karibu na ikweta, au mashimo madogo hufunguka katika latitudo za chini. Vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 mbele ya Dunia kuelekea Jua hupima kasi hiyo usiku na mchana, na vipimo vyake hutolewa hadharani bila malipo. Wape wanafunzi kazi ya kuandika kasi ya kila siku kwa miezi mitatu na kuichora kwenye karatasi ya grafu. Wataona siku nyingi za kilomita 350 hadi 450, kisha kwa siku moja au mbili kasi itapanda na kuvuka 600, na halafu itashuka taratibu. Waweke alama kwenye kila kilele na wahesabu siku kati ya kilele na kilele. Vilele vinavyojirudia baada ya siku 27 hutoka katika shimo lilelile la korona, na ile siku moja ya ziada juu ya 26 za Ulysses wataweza kuieleza wenyewe ukiwakumbusha kwamba Dunia nayo, wakati Jua linajizungusha, huwa imekwisha kusonga mbele katika njia yake.